Nilivyovua rangi BMX kuukuu nyumbani kwa dawa ya kopo

Baiskeli niliinunua shilingi 55,000 kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama chumba hapa Dar. BMX ya chuma, magurudumu inchi 20, imepakwa rangi nyeupe ya mafuta kwa brashi, ile ya madirisha, mpaka kwenye nati na cheni. Jina la kiwandani halionekani. Tulipokuwa wadogo, mwenye BMX mtaani alikuwa mtoto wa kishua. Sisi wengine tulijifunzia Phoenix za baba zetu, mguu umepitishwa chini ya mtalimbo. Kwa hiyo sitajidai kwamba nilinunua kwa hesabu.

Fundi wa kupiga mchanga, anayevua rangi kwa kupuliza mchanga kwa nguvu, alitaka 40,000 kwa fremu na foki, yaani ule uma wa gurudumu la mbele. Msasa ninao, ila nilishawahi kusugua geti zima kwa mkono na bega likanikumbusha wiki nzima. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikachukua dawa ya kutoa rangi, jeli, kopo la nusu lita, shilingi 16,000. Haya ninayoandika ni kuhusu kopo hilo, na yaliyonipata kabla na baada yake.

Kabla ya dawa ni kufungua, na hapo nilipoteza jioni nzima. BMX nyingi za zamani mikono yake ya pedali haikuungwa kwenye ekseli. Ni chuma kimoja kilichopindwa, kinapita kwenye tundu la fremu. Nimekaa na spana upande wa kushoto, navuta, nanyunyizia mafuta, nagonga na nyundo, nati imekaa tu. Mzee anayeziba pancha pale kona akasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa hapo unafungua au unakaza?"

Nilikuwa nakaza. Nati ya upande huo na koni iliyo nyuma yake, ile inayobana gololi, zina uzi wa kinyume, na pedali ya kushoto hivyo hivyo, kwa hiyo unazungusha kama saa inavyokwenda ndipo zilegee. Yeye alizungusha mara moja, ikaachia. Ukishatoa pedali, nati, washa na koni, ule mkono unauchomoa kwa kuupindisha utokee kulia. Gololi zangu zilikuwa kwenye kikombe cha lile tundu la fremu, zimegandiana na grisi nyeusi kama lami. Nilizilaza kwenye mafuta ya taa.

Sasa dawa. Maelezo ya kopo yanasema upake, usubiri dakika 15, ukwangue. Kwa jua la Dar jeli inakauka kabla haijafanya lolote, na ikishakauka imekufa. Mara ya kwanza nilipaka saa tano asubuhi uani, nikaambulia ngozi ngumu na rangi iko vilevile. Mara ya pili nilisubiri jioni, nikapaka nene kwa brashi ya zamani bila kuirudiarudia, nikazungushia nailoni ya kufunikia chakula, nikaiacha karibu saa nzima. Nilipofunua, rangi nyeupe ilikuwa imejikunja kama malai juu ya maziwa yaliyochemka. Skrepa ya puti ikapita mara moja ikabeba nyeupe, chini yake nyekundu, na chini ya nyekundu buluu ya kiwandani iliyotaka mkupuo wa pili.

Kilichonifanya niipende dawa hii ni foki. Nayo ilikuwa imepakwa, nyeusi. Nilipokwangua, kikatokea kitu kinachomeremeta: kromu, nzima kabisa, ina vidoa vya kutu tu. Mtu fulani aliamua kuificha, sijui kwa dhambi gani. Ningeanza na msasa ningeichana yote bila kujua, na kromu ikishachanika hairudi kwa kupiga polishi. Hata mchanga wa yule fundi ungeiua. Vile vidoa niliviondoa kwa kipande cha foili ya jikoni nilichokichovya majini nikasugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, inabeba kutu bila kuacha michirizi. Nati na washa zisizo na kromu nililaza kwenye siki usiku mmoja, nikazisuuza kwa maji yenye magadi, nikazipaka mafuta papo hapo kwa sababu kutu hurudi kwa kasi.

Malalamiko ninayo. Glavu nyembamba kama za hospitali haziwezi dawa hii; zilivimba na kutoboka, na tone moja likanichoma kifundo cha mkono mpaka nikakimbilia bomba. Nunua za mpira mzito, na fanyia nje. Harufu yake chumbani haivumiliki. Pili, kopo halisisitizi kusafisha baada ya kukwangua. Niliosha, nikafuta na thina, lakini jeli ilikuwa imebaki kwenye maungio nyuma ya tundu la pedali. Praima ya hapo, ile rangi ya kwanza ya kushikilia, ikavimba siku ya pili, nikarudia sehemu hiyo. Tumia mswaki wa zamani kwenye kona zote.

Rangi ya kupuliza sina mengi ya kusema: praima mara mbili, buluu mara tatu, nyepesi nyepesi. Kliya, ule mpako wa mwisho unaoonyesha rangi ya chini, ndiyo ilinitia aibu. Nilipuliza siku ambayo mvua imetoka kunyesha, hewa nzito, na buluu yote ikafunikwa na ukungu mweupe kama kioo cha daladala asubuhi. Hilo si kosa la kopo. Nikangoja siku kavu, nikapitisha msasa namba 1000 na maji, nikapuliza upya.

Dawa naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu ya zile dakika 15.

Baiskeli bado haijatembea. Nilirudi na pedali mpya kutoka Kariakoo, za inchi 9/16, kumbe mikono ya chuma kimoja inataka za nusu inchi, na muuzaji hakuniuliza wala mimi sikupima. Kopo limebaki chini ya nusu. Jirani ameshaliulizia kwa ajili ya geti lake. Nimempa pamoja na glavu, zile nzito.