Kuchagua spika ya televisheni kwa taa zake na hali zake za sauti

Televisheni bapa za siku hizi zina spika ndogo zinazoelekea chini au nyuma, na katika vyumba vyetu vyenye sakafu ya vigae na kuta tupu maneno ya mtangazaji humezwa na mwangwi. Mnunuzi anayeingia maduka ya Darajani au Mlandege, hapa Unguja, kutafuta saundibaa, yaani spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni, huuliza kwanza wati na ukubwa wa sabufa. Mimi namshauri aulize kwanza ni kwa namna gani spika hiyo itamwonesha kuwa imo katika hali gani, kwa sababu rimoti moja hushikwa na bibi, watoto na wageni.

Nafasi ya kwanza naipa spika yenye kioo kidogo cha maandishi mbele, hata kama bei yake iko juu, kwani huandika chanzo cha sauti, kiwango chake na jina la hali ya sauti iliyochaguliwa, kama ya maneno, ya usiku, ya sinema au ya muziki. Iwe pia na tundu la HDMI ARC, njia iliyoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, ambayo kwa waya mmoja huleta sauti kutoka televisheni na aghalabu huiwezesha rimoti ya televisheni kupandisha sauti ya spika. Waya huo uchomekwe kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC. Ukichomekwa kwingine, sauti haitatoka.

Ya pili ni yenye taa kadhaa, kila moja na jina lake kando. Chanzo utakijua, ila hali ya sauti mara nyingi utaikisia.

Ya tatu ni ile ya taa moja inayobadili rangi. Kwa kawaida nyekundu ni ya spika iliyopumzika, na buluu ni ya Bluetooth, ikiwaka na kuzimika inapotafuta simu na kutulia inapoipata. Lakini rangi nyingine kila mtengenezaji huzipanga apendavyo, na wapo watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Usiinunue bila kitabu cha maelekezo, hasa ikiwa imeshatumika. Ya mwisho, ambayo simshauri mtu kuinunua kwa ajili ya televisheni, ni inayopokea Bluetooth peke yake, kwa kuwa sauti inaweza kuchelewa nyuma ya midomo ya msemaji.

Katika hali za sauti, ninayoithamini kuliko zote ni ya maneno, inayoinua masafa ya sauti ya binadamu ili taarifa ya habari na mawaidha yasikike bila kupandisha sauti yote. Mwenye mzee asiyesikia vizuri nyumbani asikubali spika isiyo nayo. Hali ya usiku hupunguza tofauti kati ya mlio mkubwa na mdogo, nayo hufaa sana mwezi wa Ramadhani, wakati nyumba moja imeamka kula daku na jirani wa ukuta wa pili bado amelala. Hali ya sinema hutawanya sauti pembeni, jambo zuri kwa filamu, lakini kwa taarabu huweza kumfanya mwimbaji asikike kama yuko mbali na kanuni na fidla zinazomsindikiza. Hapo chagua hali ya muziki na upunguze besi. Dukani, mwombe muuzaji aweke taarifa ya habari kwa sauti ya chini, kwa sababu muziki wa kishindo huzificha kasoro za spika dhaifu.

Ikiwa taa inaonesha kuwa waya umeunganika lakini spika iko kimya, huenda televisheni inatuma sauti iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby ambao spika hiyo haiufahamu. Ingia katika mipangilio ya sauti ya televisheni na uchague PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, kabla ya kuirudisha spika dukani.

Kwa spika iliyotumika nchi nyingine, soma maandishi ya nyuma yake au ya adapta. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali Japani hutumia 100 na Marekani 120; kifaa kilichoandikwa 100–240 kitafanya kazi Unguja na Pemba bila transfoma.