Milioni Yako ya Gran Turismo 7: Magari ya Vision, Lipi la Kununua na Lipi la Kupita

Niaje machalii wa Chuga! Na ndugu zetu wa Moshi, najua mpo, mlima wenu leo umejifunika blanketi tangu asubuhi. Leo nipo nyumbani hapa Sakina, PS5 imewaka, pedi imejaa chaji, na wiki nzima nimekuwa nakula gemu moja tu la mbio za magari, Gran Turismo 7. Nilianza kurekodi jana usiku, umeme ukakatika katikati ya mzunguko wa mwisho, kwa hiyo kama mnaona macho mekundu sababu ndiyo hiyo.

Mmeniuliza sana kuhusu yale magari ya ajabu, Vision Gran Turismo. Mengi yanauzwa krediti 1,000,000 moja, na mnajua milioni ya gemu inavyotafutwa, kona kwa kona. Sasa mtu anatoa milioni, analipeleka gari barabarani, baada ya dakika kumi amelichoka. Kwa nini?

Kwa wale wageni: mwaka 2013, Gran Turismo 6 inatoka, Kazunori Yamauchi, baba wa hili gemu, aliwaambia watengenezaji wa magari wamchoree gari wanaloliota. Hakuna mhasibu wa kukwambia bei imezidi, hakuna sheria ya taa wala ya bampa. Mercedes-Benz wakatangulia mwaka huohuo, wengine wakafuata, mpaka Porsche 2021 na Ferrari 2022.

Sasa, mimi nina jirani yangu, mzee mmoja fundi bodi. Kazi yake ni kukata Land Cruiser, kuirefusha, na kuipasua paa ili mtalii asimame ampige picha simba. Nilimwita aje anisaidie uchambuzi, kwa sababu huyu mzee kila siku anabuni magari ambayo kiwanda hakikuyatoa hivyo. Tofauti ni kwamba yake yanaenda Serengeti na lazima yarudi.

Tukaanza na SRT Tomahawk X, la Wamarekani wa Dodge. Hili ndilo wote mnalolikimbilia. Injini ya V10, hewa iliyoshindiliwa inasaidia magurudumu ya mbele, jumla nguvu farasi 2,586 kwenye gari lisilofika hata kilo 800. Wenyewe waliolichora wanasema linafika kilomita 650 kwa saa. Nikapiga hesabu kwa kidole: Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo unaondoka Mnara wa Saa, dakika saba na nusu upo Moshi. Noah ya pale stendi muda huo bado inatafuta abiria wa mwisho. Na hapo hatujahesabu matuta ya Usa River wala trafiki na tochi yake.

Nikalipeleka Route X, lile duara refu la mistari iliyonyooka. Ee bwana, mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mama akaja kuchungulia. Mara ya pili nikatabasamu. Mara ya tano nilikuwa nasoma meseji kwenye simu huku nimekanyaga mafuta. Sitanii. Nikalihamishia Suzuka, uwanja wa mbio wa Japani wenye kona nyingi, na huko ndiyo hovyo kabisa, maana linakamata barabara kupita kiasi, unaingia kona kwa spidi ambayo akili haikubali, na gari halikudai chochote. Waliolibuni walisema dereva atahitaji suti maalumu kama ya rubani wa ndege ya kivita, la sivyo damu inahama kichwani. Sawa. Lakini kwenye kochi langu damu ipo palepale. Ule mzigo wote ambao ungelifanya hilo gari liwe la kutisha, gemu haiwezi kuniletea. Kilichobaki ni namba tu.

Fundi aliangalia kimya, akasema, "Hili gari halina uzito, ndiyo maana halina adabu." Akaomba chai.

Lililofuata ni Chevrolet Chaparral 2X, la 2014. Hapa nitakaa kidogo. Dereva analala kifudifudi, kichwa mbele, mikono na miguu imetanuliwa kama anaogelea. Na linasukumwa na leza. Miale inapigwa kwa mapigo ya haraka, hewa inapasuka, ule mshindo ndio unalisukuma gari. Nilipomweleza fundi akauliza swali moja tu: "Akipiga chafya je?" Nilicheka mpaka pedi ikanidondoka.

Lakini msilicheke jina. Chaparral ni timu ya kweli ya mbio, ya Jim Hall wa Texas, na mwaka 1970 walileta gari linaloitwa 2J lenye mapangaboi mawili nyuma. Yale mapangaboi hayakuwa ya kupoza injini. Yalinyonya hewa iliyo chini ya gari, gari likabanwa chini kama kikombe kilichogandishwa ukutani, na yalizungushwa na injini ndogo ya pili, ya aina wanayofunga kwenye pikipiki za theluji. Wapinzani wakalalamika, likapigwa marufuku. Mwaka 1978 timu ya Brabham wakarudia kwenye Formula 1, dereva wao Niki Lauda akashinda Sweden, gari halikurudi mbio nyingine. Kisha Gran Turismo 5, mwaka 2010, Adrian Newey, mchoraji wa magari ya Formula 1, akachora Red Bull X2010 kwa kujiuliza gari lingekuwaje bila kanuni, na pangaboi likarudi tena. Kwa hiyo mtu akikwambia magari haya ni ya mwaka 2050, mwambie mengine ni ya mwaka 1970 yaliyofungiwa.

Kuliendesha sasa. 2X siyo baya, kile kimlio chake cha ajabu ni kitamu, na ukilala chini hivyo barabara inakukimbilia usoni. Ila ningelisifu zaidi kama lisingefanana na ndege. Ukilitazama kwa nyuma hujui lini linageuka na lini linateleza, na mimi nataka kuona gari linapoteza mkia kabla sijapoteza mbio.

Hapa hapa niseme kero yangu. Baadhi ya haya magari ukiweka kamera ya ndani unakuta giza. Hamna dashibodi ya maana, umewekewa namba zinaelea tu. Kwenye gemu ambalo limenionyesha mpaka mshono wa ngozi ya siti kwenye magari ya kawaida! Mnanichaji milioni, mnaninyima usukani. Gari la ndoto ambalo mchoraji hakuota ndani yake, kwangu bado halijaisha.

Basi lipi la kununua? Mazda LM55. Namba 55 ni ya Mazda 787B iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1991. Hili ni la baadaye lakini lina babu. Chini, pana, kimya machoni, na likiingia kona unasikia kupitia pedi tairi za nyuma zinavyoanza kulalamika. Ukikanyaga mapema unaadhibiwa. Nilizunguka nalo Spa, uwanja wa Ubelgiji, saa nzima na kila mzunguko nilikuwa na kitu cha kurekebisha. Tomahawk haikunipa hata kimoja.

La pili ni Bugatti Vision, kama unapenda mstari ulionyooka lakini unataka pia kuhisi breki zinafanya kazi ya kusimamisha kitu kizito. Hili lilitengenezwa kweli mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaja Chiron, Bugatti ya barabarani, ukiziweka pamoja unaona undugu. Audi nao waliitoa e-tron Vision yao kwenye skrini wakaiendesha kweli Roma mwaka 2018, ikibeba abiria kwenye Formula E, mbio za magari ya umeme. Sijui mnaonaje, ila mimi nikijua kuna mtu alikaa ndani ya gari fulani akaogopa, naliendesha tofauti.

Porsche na Ferrari nitazifanyia video yao, msinitukane kwenye maoni.

Mwishoni nikampa fundi pedi. Nikamwambia mzee wangu, gereji yote hii yako, chagua. Akapitisha Tomahawk, akapitisha leza, akapitisha Bugatti bila hata kusimama, akashuka, akashuka, akakuta Toyota Alphard. "Hii naijua," akasema. "Mlango wake wa pembeni unasumbua reli." Akaipeleka Nürburgring, zile kilomita ishirini na kitu za kona tupu, Alphard inalala upande kama mashua, yeye ameinama na mwili wake kila kona, ulimi nje. Akagonga ukuta mara tatu. Chai ikapoa. Nilipomwomba pedi nimalizie kurekodi, hakunisikia.