Uzoefu wangu: kuweka kalenda ya matukio kwenye seva ya mteja

Nimemaliza kumwekea mteja kalenda ya matukio kwenye tovuti yake. Ni programu ya bure iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, inayohifadhi data kwenye MySQL, na naipenda kweli. Kwenye kompyuta yangu ilikubali mara moja, lakini kwenye seva ya mteja ilinitoa jasho.

Kupakia mafaili na kuunda hifadhidata hakukumaliza hata nusu saa. Mwongozo unashauri kuipa folda ya picha ruhusa ya 777, yaani yeyote kwenye seva aweze kuandika humo. Sikukubali. PHP pale inaendeshwa kwa akaunti ya mteja mwenyewe, kwa hiyo 755 (mwenye akaunti pekee ndiye anayeandika) ilitosha, na seva ni ya kuchangia na wengine.

Shida ilikuwa saa. Niliandika mkutano wa saa tatu asubuhi, nikahifadhi, ukatokea saa kumi na mbili. Nikaufuta, nikaandika upya, yaleyale. Kivinjari kilikuwa kinatuma wakati sahihi, ila programu inauonyesha kwa saa za seva, na seva inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Faili kuu la mipangilio ya PHP sina ruhusa ya kuligusa, basi nikaunda .user.ini, faili dogo la mipangilio ya PHP ya folda husika, yenye mstari mmoja wa date.timezone unaotaja saa za eneo. Nikafungua ukurasa upya: hakuna kilichobadilika! Nilikaribia kuifuta. Kumbe PHP huisoma faili hiyo upya kila baada ya sekunde 300, isipokuwa mwenye seva awe amebadilisha. Nilisubiri dakika 5, mkutano ukakaa saa tatu.

Kesho yake barua pepe ya ukumbusho ikaja imeandikwa saa kumi na mbili. Hapo nilichoka. Ukumbusho hutumwa na kroni, yaani kipangaji cha seva kinachoendesha kazi zenyewe kwa ratiba, na PHP ikiitwa na kroni kwa mstari wa amri haiisomi .user.ini kabisa. Dawa ilikuwa kuweka date_default_timezone_set, amri ya PHP ya kupanga saa za eneo, ndani ya faili la mipangilio la kalenda yenyewe, ambalo ukurasa na kroni vyote hulipitia. Ningeanza hapo, ningeokoa siku nzima.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naizuia kwa sababu saa za eneo zilipaswa kuulizwa wakati wa kusakinisha, kama linavyoulizwa nenosiri. Mengine yako sawa: mteja ameunganisha simu yake kwa kiungo cha .ics (muundo wa kalenda ambao simu huusoma), na matukio yote yameingia kwa saa zake.