Taa Niliisifu Mapema: Mwanga na Mkondo wa Maji Kwenye Tangi la Mimea

Haya jamani, karibuni tena. Leo nitapaza sauti kidogo maana pampu iko hapa karibu na maikrofoni na siizimi kwa sasa. Mtaona kwa nini.

Wiki tatu zilizopita niliwaambia hapahapa kwamba hii taa ni moto wa kuotea mbali. Ile video bado ipo, siifuti, mkitaka kunicheka nendeni mkacheke. Nilikuwa nimekaa nayo siku nne tu. Sasa tazameni hili jani la Anubias, ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaona madoa ya kijani? Huo ni mwani. Nakwangua kwa ukucha, hautoki. Anubias ni mvivu wa kukua, jani moja linakaa miezi na miezi, kwa hiyo mwani unapata muda wa kujenga na kuhamia. Mwanga mkali juu ya mmea wa namna hiyo ni kuutafutia balaa.

Vipimo vya taa sivisomi, vipo kwenye boksi. Ila hizo lumeni walizoziandika kwa herufi kubwa zisiwababaishe. Lumeni hupima mwanga kwa jicho la mtu, na jicho letu linaupenda zaidi mwanga wa kijani. Mmea hautumii jicho, unatumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, na kipimo chake ni PAR. Kwa kawaida watu huhesabu kwamba mimea isiyo na makuu inaridhika na 15 mpaka 30, ukivuka 50 andaa mtungi wa kaboni dayoksaidi. Hicho ndicho nilichotaka kusoma kwenye boksi, na hakipo.

Sasa kinachonikera. Taa ina kitufe kimoja. Asilimia mia, sitini na sita, thelathini na tatu, basi. Hilo ningelivumilia. Angalieni: naiweka thelathini na tatu. Mmeona imefifia? Sasa nachomoa plagi, kama vile taima imeizima usiku. Moja, mbili, tatu. Nachomeka... Mia! Narudia, msije mkasema nimebonyeza kitu. Thelathini na tatu. Mikono yangu hii hapa, juu. Nachomoa, nachomeka... mia tena!

Maana yake kila asubuhi taima ikiiwasha, tangi linapigwa mwanga wote mpaka mimi niamke nikaipunguze. Na mimi siamki mapema, mnanijua. Taa haina kumbukumbu kabisa! Kuna mtu ataniandikia kwamba ile nyingine, yenye rangi nne na programu ya simu, inakumbuka. Najua inakumbuka. Inakuja pia na radi na mawingu ya kuigiza, nani kaomba radi? Na bei yake ni kama mara tatu ya hii. Nilichofanya mimi ni kuitundika kwa waya, sentimita 15 juu ya tangi, na kupunguza muda wa kuwaka mpaka saa sita tu kwa siku. Imesaidia. Lakini haikumaliza.

Kilichomaliza ni haka kapampu. Nilikanunua siku moja na taa, nikakasahau kwenye boksi. Kwa sababu tatizo langu halikuwa mwanga peke yake, maji yalikuwa yamelala.

Tangi langu ni 60 kwa 30 kwa 36, yaani lita 64.8 likiwa tupu. Toa udongo, toa mawe na gogo, sema lita 50. Filta imeandikwa lita 300 kwa saa, lakini hiyo ni sifongo ikiwa mpya. Ikishajaa uchafu, we. Watu husema maji yazunguke mara 10 kwa saa, ni kanuni ya kukadiria tu, maana unaweza kuwa na mara 20 zote zinagonga kona moja.

Nimesaga chakula cha samaki kikawa vumbi. Nazima pampu kwanza, filta peke yake inafanya kazi. Namwaga kidogo hapa juu kushoto. Fuateni vumbi... linakwenda, linakwenda, limefika kwenye gogo, na pale nyuma ya gogo limesimama. Linadondoka wima kama mvua. Hapo ndipo mwani mweusi wa ndevu ulipoanzia, mahali palepale! Na kile kichupa cha kupimia kaboni nilikuwa nimekibandika kushoto, kijani kizuri, yaani gesi inatosha, nikajua tangi zima liko sawa. Nikakihamishia nyuma ya gogo, baada ya saa tatu kikawa bluu, yaani gesi ni kidogo.

Sasa nawasha pampu. Sielekezi kwenye mimea, naelekeza kioo cha mbele, juu kidogo, kwa mshazari. Namwaga vumbi tena. Tazameni: linapita mbele, linagonga kioo cha kulia, linazama, linarudi kwa nyuma, linapita chini ya gogo. Hapo! Vallisneria, ile mimea ya majani marefu, zote zimeinama upande mmoja, na zile nyasi za mbele zinatikisika kidogo tu. Kutikisika kidogo ndiko ninakotaka, zikilala chini kabisa umezidisha.

Kila jani ndani ya maji limevaa ngozi nyembamba ya maji yaliyotulia. Kaboni dayoksaidi husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kama mara 10,000, kwa hiyo hata ukijaza gesi, isipopata wa kuisukuma haifiki kwenye jani. Mkondo unaipunguza ile ngozi. Taa inamwambia mmea ale, sahani iko mbali.

Uso wa maji uwe na viwimbi tu. Ukiuvuruga sana gesi yako inapaa, ukiuacha umetulia kama kioo, usiku mimea na samaki wanagombania oksijeni. Wenye samaki wa Betta, punguzeni nguvu, mapezi yale marefu hayapigani na mkondo.

Kwa hiyo pampu nunueni. Taa hii, kwa bei hii, kama una mtungi na unaamka mapema, sawa. Kama huna, chukua yenye nguvu ndogo. Video ya uduvi niliyowaahidi imechelewa kwa sababu ya haya madoa, inakuja.

Halafu oneni: nabonyeza hapa, pampu inasimama dakika 10 samaki wale, kisha inajiwasha yenyewe kwa kasi ileile niliyoiacha. Imekumbuka! Kapampu ka bei ya chini kuliko taa! Hebu nichomoe ile taa mara moja tena.