Chati ya maumbo ya majani na lenzi ya mara 10, nimevitumia miezi mitatu

Mi nauza miche, kitalu changu kidogo kiko Muheza, na kila nikisoma maelezo ya mti nikifika kwenye "jani ovati" na habari za stipuli (vile vijani vidogo vinavyoota pale jani linaposhikia tawi) nakwama hapohapo. Ndo nikanunua hii chati ya laminesheni elfu 15, na lenzi ndogo ya kukunja elfu 20.

Kwa majani chati iko poa sana. Ovati na obovati zilikuwa zinanichanganya maana zote ni umbo la yai, ila hapa kikonyo kimechorwa kwa rangi nyekundu unaona kabisa, jani likiwa pana upande wa kikonyo hiyo ovati, likiwa pana kuelekea nchani ni obovati, chukua jani la mkungu liweke juu ya mchoro utaelewa papo hapo.

Stipuli sasa, hapo wameharibu. Wamechora vijani viwili pembeni ya kitako cha kikonyo basi, kama vile miti yote iko hivyo. Nimehangaika na mche wa mbuni (mti wa kahawa) natafuta hivyo vijani sivioni, mpaka nikachukua lenzi nikaangalia kwenye shina kati ya yale majani mawili yanayotazamana, kumbe kuna kapembetatu ka kijani kenye ncha kamebana pale, nageuza upande wa pili na kengine. Ndo stipuli yenyewe, nilifurahi aisee. Mfenesi nao stipuli inafunika tumba lote kama kofia, jani likifunguka inadondoka inabaki alama ya pete kuzunguka tawi, so kwenye tawi kubwa tafuta pete. Na ile miiba mirefu myeupe ya mgunga inayotoka miwili miwili, ile ni stipuli! Lakini vindoano vya kikwata, mti mwingine wa jamii hiyohiyo ya mgunga, sio stipuli. Chati haisemi lolote kuhusu haya na ndo mambo yanayokutambulisha mti.

Lenzi usiishike mbali, mi mwanzo nilikuwa naona ukungu tu. Iweke karibu kabisa na jicho halafu sogeza jani mpaka libaki kama sentimita mbili na nusu toka kwenye lenzi, na usimame penye mwanga.

Chati nyota 3, lenzi 5. Kama hela inatosha kitu kimoja chukua lenzi. Na mwenye chati inayochora stipuli ya mbuni na mfenesi vizuri aniambie bei, nanunua hata leo.