Likizo ya kisiwani ng'ambo kutoka Malindi: visiwa vitano, kuanzia kinachofaa mfuko

Watu wengi hulinganisha visiwa kwa bei ya tiketi ya ndege, na hapo ndipo hesabu huharibika. Pesa za likizo humalizwa na safari ya mwisho, ile ya kutoka uwanja wa ndege hadi mlango wa chumba, pamoja na kodi za kila siku ambazo hazionyeshwi kwenye bei ya kwanza. Ukipata tiketi rahisi halafu ukadaiwa dola 400 za ndege ya majini hadi hotelini, hujapata rahisi yoyote. Visiwa hivi vitano vimepangwa kwa kuangalia hilo. Hesabu ni ya watu wawili wenye pasipoti ya Kenya, kulala siku tano, dola moja kwa shilingi 130.

Kuna na suala la msimu. Desemba na Agosti Malindi ina wageni, na anayefanya kazi hotelini au anayeendesha tuktuk hawezi kuondoka. Nafasi yake ni Mei na Juni, hoteli nyingi zikiwa zimefunga. Kwa hiyo visiwa vimepimwa kwa miezi hiyo, si kwa Desemba ya kwenye picha za matangazo.

Makaratasi kwanza

Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kupitia eCitizen. Iwe na miezi sita zaidi ya siku yako ya kurudi. Kadi ya homa ya manjano nayo si hiari: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na Tanzania, Morisi, Maldivi na Shelisheli zote huiomba kwa anayetoka huku. Tangu 2016 sindano moja hutosha maisha yote, lakini kadi huanza kukubalika siku kumi baada ya kuchanjwa. Aliyedungwa Jumatatu akaruka Ijumaa ana kadi isiyomfaa. Angalia pia jina herufi kwa herufi. Pasipoti ikisema Mohamed na kadi ikasema Muhammad, mwombe muuguzi aandike upya palepale, usingoje kubishana kaunta.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, chukua cheti chake cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili iliyogongwa muhuri na wakili. Hapo familia nyingi hukwama wakiwa bado Kenya.

Kutoka Malindi hadi Nairobi

Ndege nyingi za kwenda visiwa vya mbali huanzia Nairobi. Ukiruka kutoka Malindi ni kama saa moja tu, lakini tiketi hiyo ukiinunua peke yake na nyingine peke yake, huna unachodai kwa shirika la pili, wala halikujui. Ya Malindi ikichelewa saa tatu, ya pili imekwenda na pesa zako. Ama nunua zote kwa buking moja, ama fika Nairobi siku moja kabla.

Njia ya mfuko mdogo ni matatu hadi Mombasa, kisha SGR. Malindi na Mombasa ni kama kilomita 120, ila foleni ya Mtwapa haina adabu, na stesheni iko Miritini, ng'ambo ya mji. Tenga saa nne. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500, na tiketi hukatwa kwa *639#. Treni ya usiku inakufikisha Syokimau alfajiri, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, ukiwa umeokoa pesa za kulala Nairobi. Anayetoka Lamu asijaribu kuunganisha boti ya Mokowe, basi na treni siku moja. Alale Malindi au Mombasa.

1. Unguja

Hakuna visa kwa Mkenya, lugha ni moja, na unaweza kuifikia bila kupita Nairobi. Ila ile imani kwamba barabara lazima iwe rahisi kuliko ndege ihesabiwe vizuri.

Basi la Mombasa hadi Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga na Horohoro hula karibu siku nzima, na likifika, boti ya mwisho ya Zanzibar imeshaondoka. Kwa hiyo utalala Dar. Weka nauli ya basi 2,500 kwa mtu kila upande: 10,000. Chumba Dar, 4,000. Boti ya kasi kwa asiye mkazi wa Tanzania ni dola 35 daraja la kawaida, mara nne, dola 140, yaani 18,200. Jumla 32,200 kwa wawili, kabla ya kula chochote njiani na kabla ya kuhesabu siku mbili zilizopotelea kwenye kiti. Jambojet ilianzisha safari za Mombasa hadi Zanzibar mwaka 2024. Ukipata kwenda na kurudi kwa chini ya 20,000 kwa mtu, achana na basi. Zikipita 25,000, basi linarudi kwenye mazungumzo. Zipo pia boti za Tanga kupitia Pemba, lakini hazitoki kila siku. Pata ratiba ya wiki yako kabla ya kuzitegemea.

Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka wageni wakate bima ya safari ya huko huko kabla ya kuingia. Uliza kwa anayekukatia tiketi masharti ya mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki yakoje wiki hiyo, upate jibu kwa maandishi. Kuna na kodi ya miundombinu inayolipwa kwa kila mtu kwa kila siku ya kulala, mara nyingi taslimu hotelini, nje ya bei uliyoiona kwenye simu.

Kulala: gesti safi za Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, huanza kama dola 30 hadi 50 kwa chumba. Tatizo la upande huo ni maji. Bamvu likikupwa, bahari huondoka karibu hadi kwenye mwamba na kuogelea kunangoja saa kadhaa. Nungwi na Kendwa hazina shida hiyo, ila chumba ni ghali zaidi. Daladala namba 116 kutoka mjini inakwenda Nungwi kwa nauli ya mwenyeji, wakati teksi ya uwanjani itakutajia dola. Aliyezoea kuona ufukwe wa Malindi ukiwa na bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, akumbuke kwamba huku yeye yuko upande wa pili. Kiswahili kinapunguza bei kiasi, hakiifuti.

Mei mvua ya masika bado ipo na baadhi ya hoteli zimefunga. Juni katikati ndiyo wakati wenyewe: mvua imekwisha, bei bado hazijapanda. Na miraa na muguka ziachwe Malindi. Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, na Horohoro mabegi hupekuliwa.

2. Morisi

Tiketi inauma, lakini ukishafika matumizi ni ya kawaida, na kwa familia ndiyo namba moja. Mkenya haombi visa mapema. Uhamiaji watataka tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipolipiwa au kuthibitishwa, na ushahidi wa pesa, kwa hiyo chapisha taarifa ya benki, usitegemee kuonyesha simu. Fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni kabla ya kusafiri.

Siri ya Morisi ni jiko. Fleti ndogo yenye jiko hupatikana kwa dola 40 hadi 60, soko lina samaki na mboga, na dholl puri ya barabarani, mkate mwembamba wenye dengu, inashibisha kwa pesa kidogo. Waislamu ni wengi, nyama halali haitafutwi kwa tochi. Mabasi hufika karibu kila mji. Uwanja wa ndege uko kusini mashariki, kwa hiyo anayefika usiku alale Mahébourg au Blue Bay jirani, asubuhi apande basi. Teksi ya usiku hadi Grand Baie, ambayo iko kaskazini kabisa, inaweza kula bajeti ya chakula ya siku mbili.

Kuanzia Mei hadi Septemba ni majira yao ya baridi. Maji hushuka hadi nyuzi 22 au 23, na mtu wa Malindi ataruka akiingia. Chukua sweta. Kusi hupiga upande wa mashariki kwa nguvu, basi kaa magharibi, Flic en Flac au Tamarin, ambako milima inakinga upepo. Januari hadi Machi ni kilele cha msimu wa vimbunga. Aliyepata tiketi ya bei ya kushangaza mwezi wa Februari ajue kwa nini.

Anayetoka ufukweni hana haja ya kulipia ufukwe mwingine. Morisi ina milima, na kuipanda hakuna gharama kubwa. Hifadhi ya Black River Gorges haina kiingilio. Mlima Le Morne, mita 556, ulikuwa maficho ya watumwa waliotoroka, na UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Pesa huteketea kwenye ziara za boti za kisiwa kidogo cha Île aux Cerfs na kwenye magari ya kukodi ya siku nzima. Chagua moja, si vyote viwili.

3. Maldivi, ila visiwa vya wenyeji tu

Hoteli za kisiwa kizima sahau. Tangu 2009 hivi, gesti zimeruhusiwa kwenye visiwa wanavyoishi watu, na hizo ndizo zimeiingiza Maldivi kwenye orodha hii. Visa ya siku 30 hutolewa bure ukifika, na fomu ya kuingia ya mtandaoni, iitwayo IMUGA, hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya kuruka. Ndege hupitia Doha, Dubai au kwingineko, hivyo safari ni ndefu.

Hebu tuchukue chumba kilichoandikwa dola 60, bei ikiwa na alama mbili za kujumlisha (++) pembeni, yaani huduma na kodi hazimo. Siku tano ni 300. Ongeza asilimia 10 ya huduma: 330. Juu yake kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17: 386.10. Kisha kodi ya kijani, dola 6 kwa mtu kwa siku kwenye gesti zenye vyumba visivyozidi 50, yaani dola 60. Umefika dola 446, kama shilingi 58,000. Bei imepanda karibu nusu na hujanunua hata maji. Kabla ya kulipa andika swali moja kwa mwenye gesti: "Jumla ya mwisho na kodi zote ni dola ngapi?"

Maafushi, kimoja cha visiwa hivyo vya wenyeji, inafikika kwa feri ya umma kutoka mji mkuu, Malé, saa moja na nusu, kwa dola chache. Feri haisafiri Ijumaa na hutoka mara chache kwa siku. Ndege ikitua jioni au Ijumaa, ni boti ya kasi kwa nauli mara nyingi zaidi, au kulala Hulhumalé, jirani na uwanja wa ndege. Hapo ndipo siku ya kutua inapokuwa muhimu kuliko punguzo la tiketi. Pombe hakuna kwenye visiwa hivi, na sigara za umeme zimepigwa marufuku nchini tangu 2024. Mei na Juni upepo wao wa kusini magharibi umeanza: bei zimeshuka, mvua na mawimbi yapo, na safari za boti huahirishwa. Kaskazi ndiyo misimu yao mizuri, lakini ndiyo ghali.

4. Shelisheli

Haiombi visa, ila kibali cha kuingia huombwa na kulipiwa mtandaoni, na hutolewa ukiwa na buking ya malazi yaliyosajiliwa. Kulala kwa rafiki bila kumwandikisha ni kujitafutia maneno uwanjani. Vyumba vya kujipikia huanza euro 70 au zaidi, na kosa la kawaida ni kutaka kuona visiwa vyote vitatu, Mahé, Praslin na La Digue, ndani ya siku tano. Boti kati ya Mahé na Praslin ni ghali, na kwa wawili kwenda na kurudi inakula pesa za siku kadhaa za malazi. Kaa Mahé, upande wa Beau Vallon, ambao kusi haiufikii moja kwa moja. Panda mabasi, lakini begi kubwa hayachukui. Mei, pepo zikibadilishana, bahari hutulia.

5. Ngazija, Komoro

Kwa mwenye ndugu huko, nafasi ya kwanza. Kwa likizo tu, ya mwisho. Visa hutolewa ukifika, lugha na dini vinakaribiana na vya Lamu, na mlima Karthala wenye mita 2,361 una volkano hai. Lakini tiketi si rahisi kwa umbali ule, na mashine za pesa hazitegemeki: chukua euro taslimu za safari nzima. Boti ndogo za kuvukia kisiwa hadi kisiwa ziepuke hata kama bei inavutia. Huzama.

Ukinunua kwa wakala

Paketi nyingi siku hizi huuzwa kwa WhatsApp. Ukilipa utatumiwa karatasi yenye herufi na tarakimu sita. Hiyo ni buking, bado si tiketi: kiti kimeshikiliwa tu na hujifuta baada ya siku moja au mbili kisipolipiwa. Ingiza herufi hizo kwenye tovuti ya shirika lenyewe la ndege, si kwenye kiungo alichokutumia wakala, na utafute namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 239 Air Mauritius, 157 Qatar Airways, 176 Emirates. Namba hiyo isipoonekana, usitume salio la pesa.