Kozi ya theolojia ya wageni: inafundisha kukaribisha, haifiki kwenye kuishi pamoja

Niliichukua kozi hii ya mtandaoni ya wiki 6, inayotolewa na chuo kimoja cha Biblia, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na usharika wetu umekuwa ukipokea familia za wakimbizi bila kujua vema Maandiko yanatudai nini.

Wiki mbili za kwanza ndizo bora. Mwalimu anaeleza kwamba Kiebrania cha Agano la Kale humtofautisha ger, yaani mgeni aliyehamia na kukaa kati ya Waisraeli, na nokri, mtu wa taifa jingine asiye na makao kwao, na kwamba ni huyo wa kwanza ambaye Walawi 19:34 inaagiza apendwe kama mzalia. Nilikuwa nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kuona kwamba unaofuata unahusu mizani na vipimo vya haki. Kumbe mgeni amewekwa mahali pa haki, si pa sadaka. Kuhusu Mathayo 25, ambapo Yesu anasema "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha", mwalimu ni mkweli, kwani anakiri kwamba wapo wafafanuzi wanaowaona "ndugu zangu walio wadogo" kuwa ni wanafunzi wa Yesu peke yao, naye hawapuuzi.

Somo la sheria ni jepesi mno. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unatajwa kwa sentensi moja, ilhali waumini wetu hushindwa hasa kumtenganisha mkimbizi na mtu aliyehama kutafuta kazi.

Kilichonisikitisha zaidi ni habari ya Ruthu, mjane Mmoabi aliyehamia Israeli. Kozi inamwacha katika shamba la Boazi akiokota masazo, kana kwamba wema wa mwenye shamba ndio mwisho wa habari. Sura ya 4, ambamo wanawake jirani wanampa mtoto wake jina na Mmoabi huyo anakuwa mama wa babu yake Daudi, haikuguswa, wala Waefeso 2:19, ambapo wageni na wapitaji wanaitwa watu wa nyumbani mwake Mungu. Katika masomo yote hakuna hata moja lililofundishwa na mtu aliyewahi kuikimbia nchi yake.

Hata hivyo naipendekeza kwa kamati yoyote ya kanisa inayoanza huduma hii. Sisi tuliongeza wiki ya 7, na Ruthu 4 tulifundishwa na mama mmoja mkimbizi wa usharika wetu.